Foromali Iliyofungwa kwa Ngozi

Ng'ambo ya ghuba, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Tata, baba yangu mpendwa, huko Kamuli.

Shikamoo, Tata. Nakuamkia tena shikamoo, kwa ajili ya asubuhi zote ambazo sikukuamkia tangu nilipoondoka hapo nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo umetulia, na ng'ombe wanarudi wote kutoka malishoni rweya wakiwa wameshiba. Na Mawe, mama yangu, je, kikohozi chake cha wakati wa vumbi kimemwacha? Migomba ya nyuma ya nyumba iliyolazwa na upepo, mliitegemeza ikasimama? Huku sisi tu wazima. Nikisema sisi nina maana mimi na Tito, na yupo mwingine ambaye nitamfikia kwa utaratibu, maana nataka kwanza uyasikie yaliyomtangulia.

Najua atakayekusomea ni kaka Yosia. Kaka, nakuomba usome polepole, na ukiliona jina la Tito usiliruke. Tata akinyanyuka akaenda zizini, mngoje arudi, kisha uendelee pale ulipoachia.

Tata, sikuandika muda wote huu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Mara nyingine niliwapa salamu watu waliopanda meli ya Bukoba, lakini sijui kama kuna hata mmoja aliyefika huko juu kwetu. Siku niliyoolewa ulibaki zizini. Tulipokuwa tunapita njia ya kanisani nilikuona kwa mbali, umetupa mgongo, unamkuna ng'ombe wako Bihogo shingoni kama unavyomkuna siku zote. Silalamiki. Ng'ombe ambao Tito aliwaleta na wajomba zake uliwapokea, ingawa ulisema ni ng'ombe wa mnadani, hawana majina na mama zao hawajulikani. Nililolibeba moyoni ni lile neno ulilomwambia Mawe jioni ya siku ya kupokea ng'ombe hao, nami nikalisikia nikiwa jikoni. Ulisema, "Mtu wa maji hana kaburi. Huyu mtoto akinifia huko, nitakwenda kumlilia wapi?"

Nilikasirika wakati ule. Nilidhani unamtukana Tito kwa kuwa ni Mkerewe na seremala wa vyombo vya majini, aliyefika kwetu na wale waliojenga kivuko cha Kagera, akapanga chumba Nkwenda. Sasa nimelisikia neno lile tena kwa mdomo wa mtu mwingine, na ndiyo sababu naandika.

Wewe ziwa hujaliona. Umeiona Kagera ikijaa mpaka inameza mafunjo, lakini huku ni kitu kingine. Tulipo sisi ni kwenye ghuba, kwa hiyo mji wa Mwanza tunauona ng'ambo, na siku ya jua mabati yake yanatuchoma macho. Ukitazama upande wa kaskazini huoni ng'ambo yoyote, ni maji na mbingu tu. Miezi ya kwanza sikupenda kutazama upande huo. Nilikuwa nachota maji nimeyapa kisogo, na wanawake wa hapa walinicheka sana.

Bwana tunayemfanyia kazi ni Mgoa, mzee mjane, anaitwa Almeida. Alikuwa karani katika ofisi ya meli mpaka alipostaafu. Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, ila akikasirika anarudi kwenye lugha ya kwao, na hata huko hasira yake haifiki mbali. Maisha yake yote aliandika majina ya bandari kwenye hati za mizigo, Musoma, Kisumu, Bukoba, Entebbe, na hakuna hata moja aliyoiona, kwa sababu kazi yake ilikuwa mezani. Mkewe alikuwa akimtania kwamba ameizunguka Nyanza kwa kalamu. Alipostaafu alinunua mashua ya zamani ambayo Mzungu mmoja aliiacha wakati wa vita, ili yeye na mkewe wakazione bandari hizo. Mama yule akafariki kabla mashua haijagusa maji. Mzee akaipaka jina la mkewe, Filomena, kisha akaiacha ufukweni kwa muda mrefu, kuku wa jirani wakawa wanataga ndani yake.

Usifikiri ni mtumbwi, Tata. Ni mashua ya kusafiria, ina kijumba ndani chenye vitanda viwili vyembamba, jiko la mafuta ya taa, na kabati la vikombe lenye kizuizi ili visidondoke. Ina mlingoti mmoja mrefu. Tanga lake la juu linabebwa na mti mwingine, wao wanauita foromali, unaopandishwa kwa kamba mpaka unakaa mshazari juu ya vichwa vya watu. Ukumbuke mti huo.

Tito aliitwa aifufue. Siku ya kwanza hakushika chombo chochote cha kazi isipokuwa nyundo, tena aligongea mpini wake tu. Aliizunguka mashua yote akigonga ubao mmoja mmoja na kutega sikio, kama wewe unavyogonga ubavu wa ng'ombe aliyevimbiwa. Ubao mzima ulilia kavu. Ubao uliooza ulijibu kwa sauti nzito yenye unyevu, naye akauwekea alama ya mkaa. Alipomaliza, upande wa kushoto ulikuwa mweusi kwa alama. Mzee Almeida alikaa kwenye kiti chake cha turubai, akavua miwani, akauliza kama kuna haja ya kuendelea. Tito akamwambia mataruma ni mazima, na mashua yenye mbavu nzima haiachwi.

Basi tukaanza. Nasema tukaanza kwa sababu nami nilikuwamo. Tito alitoa mbao zilizooza, akachonga mpya za mvule, akazifunika kwa magunia mabichi juu ya mvuke wa maji ya moto mpaka zikakubali kupinda, akazipigilia misumari ya shaba. Mimi nilikwangua rangi ya zamani, nikasokota pamba kwenye paja langu kuwa kamba nyembamba, naye akaishindilia pamba hiyo katika nafasi za mbao kwa patasi butu na nyundo. Kazi hiyo inaitwa kalafati, na bila hiyo mashua ni tenga tu. Juu ya pamba tulipaka chokaa iliyopondwa na mafuta ya ng'ombe. Harufu yake ilinirudisha nyumbani, Tata, nikawa natafuta sababu ya kukaa karibu na sufuria.

Matanga pia nilishona mimi. Yalikuwa yameliwa na panya. Ushonaji ule wa shule ya misheni, ambao ulisema haunywishi ndama, umenifaa. Mzee Almeida alituletea chai na biskuti kutoka mjini, akatusomea gazeti tulipokuwa tunafanya kazi, hata habari zisizotuhusu.

Katika kazi hiyo nikashika mimba. Mawe ataniuliza kwa nini sikumpa habari. Mawe, niliogopa kwamba ukijua utashindwa kulala.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mvua kubwa zikaja. Siku moja mchana, mvua ilipokatika, Tito alilala chini ya mashua akikwangua mkuku, ule mti mzito unaopita chini kabisa. Ardhi ilikuwa imelainika. Nguzo moja kati ya zile zilizoiegemeza mashua ikazama tope, Filomena ikainama upande wake. Mimi nilikuwa naanika pamba. Nilisikia mti ukilalamika, nikageuka, nikaona miguu ya Tito ikijisukuma kutoka nje. Alitoka mwili wote isipokuwa mkono wa kulia.

Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Erina, usije huku na hilo tumbo. Ita watu." Wavuvi walikuja na maboriti, wakainyanyua mashua kidogo, mkono ukatoka. Vidole vilikuwa vimekaa kama si vya mtu mmoja. Tulimvusha kwenda hospitali ya mjini kwa motaboti inayovusha abiria, wakamwekea plasta mpaka kwenye kiwiko, na daktari akasema vidole viwili huenda visikunje tena.

Tata, seremala na mkono wake wa kulia unajua ni nini. Tuliporudi alinyamaza. Hakukasirika, hakunigombeza. Asubuhi alikwenda kukaa kwenye jiwe lililo karibu na maji akitazama upande ule wa kaskazini usio na ng'ambo. Chakula alikula kwa mkono wa kushoto, kidogo, kwa aibu. Mzee Almeida alikuja kumwambia kazi ni yake na itamngoja. Tito akashukuru, akaendelea kukaa kwenye jiwe.

Siku moja nikamfuata huko na bakuli la uji, nikakaa. Nikamwuliza anatazama nini. Alilipokea bakuli, akaliweka juu ya jiwe. Kisha akaniambia jambo ambalo tangu tuoane hakuwahi kulitaja. Baba yake alikuwa mvuvi. Alitoka asubuhi moja Tito akiwa bado hajabadili meno, upepo ukageuka, mtumbwi ukaonekana baadaye umepinduka, na yeye hakuonekana tena. Walimtafuta mpaka visiwa vya mbali. Hawakupata hata nguo.

"Mama yangu alikuwa anauliza kila siku," akasema. "Nimlilie wapi? Akishika jembe anauliza. Akisonga ugali anauliza. Alikufa bado anauliza."

Nikamwuliza, "Neno alilosema Tata nyumbani, ulilisikia?"

"Nililisikia. Nilikuwa uani."

"Mbona hukuniambia kitu?"

Akasema, "Niseme nini? Baba yako alikuwa analia kabla ya msiba. Sikumchukia hata kidogo. Nilitamani ningekuwa na baba wa kuniogopea hivyo."

Tata, hapo ndipo nilipokuelewa. Nilikuwa nimebeba neno lako kama jiwe, na mtu uliyemsemea alikuwa amelibeba kama kitu kingine kabisa. Kaka Yosia, kama umepita hapa haraka, rudia.

Tangu siku hiyo nikawa mkono wa Tito. Alikaa kwenye kiti cha turubai cha mzee, akanielekeza, nami nikafanya. Nilipiga kalafati upande mzima wa kulia. Mwanzoni nilipiga kwa hofu, pamba ikatoka. Akaniambia niache kuitazama nyundo niisikilize, maana pamba ikikaa sawa sauti inabadilika kutoka kilio cha ngoma kwenda kilio cha jiwe. Wanawake waliokuwa wananicheka nikichota maji walikuja kutazama, kisha mmoja akashika brashi ya rangi, na mwingine akashika. Jirani yetu Mama Nyanjige, mkunga wa hapa, alipaka usukani wote peke yake huku akinikataza kuinama.

Plasta ilipotolewa, mkono wa Tito ulikuwa mwembamba kama wa mgonjwa. Vidole viwili vilibaki vimenyooka kama daktari alivyosema, lakini vitatu vilirudi.

Tuliishusha Filomena majini kwa magogo na nyimbo. Kufumba na kufumbua ikaanza kuvuja. Mzee Almeida alisimama ndani yake maji yakimfika kwenye vifundo, uso umemshuka. Tito akamwambia asiogope, mbao zilizokaa juani muda mrefu zina kiu, ziachwe zinywe zivimbe zikutane. Ikawa kweli. Tuliyachota maji yanayokusanyika chini, ambayo huku wanayaita ngama, na kila siku yalipungua, mpaka asubuhi moja nikashuka na kopo nikakuta unyevu tu.

Basi ikabaki kupandisha tanga. Hapo ndipo Tito alipoiona foromali. Rangi ya zamani ilikuwa imeficha ufa mrefu kama mkono wangu, unaofuata nyuzi za mti, karibu na mahali foromali inapokutana na mlingoti. Kuchonga nyingine kulihitaji mti mnyoofu usio na fundo, na kulihitaji mikono miwili yenye nguvu. Tito aliupitisha ukucha katika ufa ule, akakaa chini. Mzee akasema tungoje mpaka mwaka mwingine.

Mimi nilikuwa nakumbuka mkuki wako. Unakumbuka, Tata? Mpini wake ulipasuka tukiwa machungani, mimi na wewe, kaka akiwa shuleni. Hukuutupa. Ndama alikuwa amekufa kwa kuvunjika mguu. Ukachukua ngozi yake ikiwa bado mbichi, ukaniambia ya ubavuni ni laini mno, tutumie ya mgongoni. Ukaniwekea mpini magotini niushike ukiushona. Ukasema ngozi mbichi inakaza kadiri inavyokauka, inabana kuliko kamba yoyote, ila isipakwe chumvi, na isikaushwe juani kwa haraka maana itakatika. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwa nakusikiliza.

Nikamweleza Tito. Akanitazama, akatazama foromali, akasema mabaharia wa zamani nao walifunga miti yao kwa ngozi mahali panaposuguana, ila hakuwahi kufikiria kuifunga hivyo juu ya ufa. Akakubali mara moja. Mchinjaji wa mnadani alitupatia ngozi ya dume aliyechinjwa asubuhi ile, nami nikakata ya mgongoni. Tito aliubana ufa kwa kamba na kijiti, akaujaza gundi. Mimi nikaizungushia ngozi ikiwa inateleza, nikashona kwa mshipa wa ng'ombe, nikivuta kila pito kwa meno na kulikanyaga kwa mguu. Tukaitundika kivulini. Ilipokauka, ukiigonga inalia kama ukingo wa ngoma. Tito aliishikashika, akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu siku ya nguzo.

Tukapanga kwamba Jumapili baada ya ibada tutaijaribu karibu na ufuko tu, pasipo na kina.

Haikufika Jumapili. Alhamisi asubuhi nikaamka na uchungu, wakati miezi ilikuwa haijatimia. Mama Nyanjige akaja, akanipapasa tumbo kwa muda, akatoka nje kuzungumza na Tito. Aliporudi hakunificha. Alisema mtoto amelala mshazari, hakukaa kwa kichwa wala kwa miguu, na yeye peke yake hawezi, nifikishwe hospitalini. Motaboti ya abiria ilikuwa imeharibika injini juma lile lote. Kuzunguka kwa barabara ni safari ya siku nzima, tena kwa gari ambalo hatukuwa nalo. Mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imekwenda.

Mzee Almeida alikuja amevaa koti lake la kanisani, sijui kwa nini, labda ndilo lililokuwa karibu. Akasema, "Tunakwenda na Filomena."

Walinibeba mpaka kwenye kile kitanda chembamba ndani ya kijumba. Mama Nyanjige akaketi karibu yangu. Mlango ulikuwa wazi, nikamwona Tito amesimama, mkono wa kushoto kwenye usukani, macho yako juu kwenye foromali. Upepo ulikuwa mzuri, lakini upande wa kaskazini wingu lilikuwa linajikusanya, na sote tuliliona. Mzee alishika kamba akingoja neno la kupandisha. Tito hakulitoa. Nilijua anamwona nani kwenye maji yale.

Akainama mlangoni, akaniuliza mimi, hakumwuliza mwingine. "Erina. Itashika?"

Nikamwambia, "Nimeifunga kama Tata alivyonifundisha."

Akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia mzee apandishe.

Sitakueleza yote, Tata, maana mengine sikuyaona, nilikuwa katika vita yangu. Mwanzo tulikwenda vizuri, maji yanasema kwenye mbao karibu na sikio langu, na nikawaza kwamba zile ni mbao nilizozijua moja moja. Tulipofika katikati wingu likatufikia. Mashua ikalala upande, vikombe vikagongana kabatini, maji yakaingia mlangoni. Mama Nyanjige, ambaye hajui kuogelea na alikuwa hajawahi kupanda chombo chenye tanga, aliniachia mkono mmoja, akashika sufuria, akaanza kuchota na kumwaga nje, kwa mkono wa pili akaendelea kunishika. Mzee Almeida nilimsikia akisali rozari kwa sauti huku anavuta kamba. Na juu ya yote hayo nilisikia ile ngozi. Ilikuwa inalia kila upepo unapopiga, kama ngozi ya kiti mtu mzito anapokikalia. Nikawa naingoja sauti ya mti kukatika. Tito alikuwa anasema nayo, nilimsikia, anaibembeleza polepole kwa Kikerewe kama mtu anayemtuliza mnyama.

Ilishika, Tata. Ililia njia nzima na ilishika.

Gatini watu waliokuwa wanapakia pamba walimwona Tito akipunga mkono wenye vidole vilivyonyooka, wakaja na ubao wa kupandia meli, wakanibeba juu yake mpaka hospitalini. Muuguzi mmoja wa makamo, mwenye mikono ya joto, alimgeuza mtoto kidogo kidogo akiwa bado tumboni, akizungumza nami muda wote kuhusu bei ya dagaa, nafikiri ili nisisikie hofu. Akazaliwa jua likiwa bado liko juu ya vilima. Ni msichana. Ni mdogo, lakini analia kwa sauti ya mtu mkubwa, ana kipaji cha uso chako, na masikio sijui ni ya nani.

Tito walimruhusu kuingia nguo zikiwa bado zimelowa. Alimpokea kwa mkono wa kushoto, akaweka ule wa kulia chini kumkingia. Machozi yalimtoka mpaka muuguzi akamletea kiti.

Mzee Almeida alikuwa nje kwenye benchi na koti lake la kanisani limejaa maji. Alipomwona mtoto aliuliza kama amechoka na safari. Akasema Filomena sasa imefika bandari moja, ingawa ni ile ile aliyoiangalia kila siku kutoka ofisini, na kwamba ameiona kwa mara ya kwanza kutoka upande wa maji. Tangu hapo anatuletea maziwa kila siku, mengi kuliko tunavyoweza kunywa, na mara kwa mara anaishika ile ngozi ya foromali akipita.

Sasa nimefika kwenye haja ya barua hii.

Mtoto ana miezi miwili, na mchungaji wa hapa ameuliza mara mbili lini atabatizwa na jina lake nani. Kwa desturi jina linatoka upande wa baba. Nilimwambia Tito atafute katika majina ya kwao. Alifikiri kwa siku kadhaa, kisha tukiwa tunakula akaniambia, "Baba yangu hayupo wa kumpa jina. Babu mwenye kinywa yuko Kamuli. Mwombe yeye."

Nilimwuliza kama ana hakika, kwa jinsi mambo yalivyokuwa. Akasema ana hakika, na kwamba hata kama utachukua muda, tutangoja.

Kwa hiyo nakuomba, Tata. Sikuombi uyabadilishe mawazo yako yote kwa siku moja. Ninakuomba jina tu la mjukuu wako, ulichague wewe mwenyewe, kama unavyochagua majina ya ndama, baada ya kumtazama mtu vizuri. Na ili umtazame, tunakuja. Mvua zikikatika Mzee Almeida anataka kwenda Bukoba, na ametuambia tupande naye. Kutoka Bukoba tutatafuta lori mpaka litakapotufikisha, na palipobaki tutatembea. Tito atakuja pia. Atasimama nje ya ua mpaka utakapomkaribisha, na ukikawia nitasimama naye, nimembeba mtoto. Na lile swali lako, Tata, la utakwenda kunililia wapi, nalijibu hivi: tunakuja kwa miguu yetu, wazima, na utatuona kwa macho.

Nisalimie Mawe, umwambie maziwa yananitoka vizuri na asiache kuniombea. Nisalimie shangazi aliyenifundisha kusuka, mwambie kamba za pamba nilizisokota kwa mtindo wake. Nisalimie mke wa kaka Yosia na watoto wake, na mwalimu wa kanisa, na yule mama jirani wa kibanja cha chini aliyenisindikiza mpaka njia panda siku naondoka, wakati watu wengine walikuwa ndani. Bihogo kama bado yupo, mkune shingoni kwa niaba yangu.

Mimi, binti yako uliyemfundisha kuchunga,
Erina Kokugonza

Tito anakuamkia shikamoo. Amesema niiandike mwisho, peke yake, ili usikie ni yake. Na huyu mdogo amelala magotini mwangu wakati naandika. Kila mtu hapa ufukweni anamwita jina lake analotaka, Mama Nyanjige lake, mzee lake, wavuvi lao. Mimi na baba yake tunamwita Mtoto tu, na hatutamwita vingine mpaka utakaposema.